Kinanda cha mabomba saa saba mchana: yanayodhaniwa na yalivyo

Bagamoyo ina misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, na ina TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na vijana wake wanaosomea muziki. Habari za konseti za kinanda cha mabomba, kile kinacholia kwa upepo unaopita kwenye mabomba, wakati wa chakula cha mchana zikifika hapa, zinawakuta watu wanaozipenda. Zinakuta pia maelezo mengi yasiyo sahihi, na baadhi yanaweza kuigharimu parokia fedha nyingi.

"Hiyo ni ibada iliyofupishwa."

Siyo. Kanisa la St Michael Cornhill, London, lilianza konseti zake za Jumatatu mchana mwaka 1916, chini ya mpiga kinanda wake Harold Darke. Utaratibu wa konseti za aina hii ni mwepesi: dakika 40 hivi, hakuna mahubiri, mlango uko wazi, mara nyingi hakuna kiingilio ila kikapu cha sadaka pale mlangoni. Anayechelewa anangoja kipande kiishe ndipo akae. Mpigaji huwa roshani, amewapa watu mgongo, kwa hiyo makofi ndiyo salamu pekee inayomfikia. Pigeni.

Hata hivyo jengo linabaki nyumba ya ibada, na mavazi yaendane nalo. Kwa Bagamoyo na Tanga kuna jambo la kuzingatia kwenye ratiba: isiwe Ijumaa. Siku nyingine saa saba inafaa, kwa sababu adhana ya adhuhuri huwa imeshapita.

"Kilizaliwa kanisani, Ulaya."

Kilizaliwa Afrika. Fundi Ktesibios alikitengeneza Alexandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na maji ndiyo yaliyosukuma upepo wake. Warumi walikipiga kwenye viwanja vya michezo muda mrefu kabla makanisa hayajakichukua.

"Ukibonyeza kwa nguvu, kinalia kwa nguvu."

Wapigaji waliokulia kwenye piano huchoka bure kwa imani hii. Kibonyezo hufungua vali tu. Upepo ukiingia, bomba hulia kwa sauti yake ileile, uwe umeligusa taratibu au umeligonga. Anayetaka ukubwa wa sauti huongeza stopu, yaani safu nyingine ya mabomba, au hufungua kwa mguu malango ya sanduku lililofunika baadhi ya safu. Namba kwenye stopu inaeleza kimo, yaani sauti ni ya juu au ya chini kiasi gani. Stopu ya 8 hulia kwa kimo cha kawaida, na bomba lake refu kuliko yote lina futi 8 hivi, karibu mita mbili na nusu. Stopu ya 4 iko oktavu moja, yaani noti nane, juu, ya 16 oktavu moja chini. Yale mabomba mazuri ya mbele yasikudanganye, maana mengine ni pambo na hayalii kabisa. Mengi yamo ndani, na madogo kabisa hayafiki urefu wa kidole.

"Kikishatuniwa, kimetuniwa."

Kutuni ni kurekebisha kila bomba litoe kimo chake sahihi, na hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na Ulaya. Hewa ikipata joto, sauti husafiri ndani yake kwa kasi zaidi, na bomba la kawaida hupanda kimo. Kinanda kilichotuniwa noti A kwenye hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) kwa nyuzi 18 za Selsiasi kitafika karibu 450 hewa ikiwa nyuzi 32, joto la kawaida la mchana wakati wa kaskazi. Hiyo ni karibu nusu ya hatua nzima kati ya noti moja na jirani yake. Keyboard ya kwaya, ambayo haijali joto, haitapatana nacho hata kidogo.

Lakini mabomba ya kawaida hupanda pamoja, kwa hiyo yenyewe kwa yenyewe hubaki yanapatana. Yanayoachwa nyuma ni mabomba yenye ulimi wa shaba, kwa sababu kimo chake kinashikwa zaidi na ulimi kuliko hewa. Fundi asiyejua hili hukimbilia kuyagusa mabomba mamia, na kila anapoyagonga huharibu midomo yake, yaani mianya inayotoa sauti. Fundi anayejua huacha mamia yale na kutuni yale machache yenye ulimi, akiyafuatisha yale ya kawaida. Tena hafanyi hivyo asubuhi na mapema. Konseti ikiwa saa saba, kazi hiyo ni ya saa tano hadi saa sita, madirisha yakiwa yamefunguliwa kama yatakavyokuwa wakati wa konseti. Bomba lisishikwe kwa kiganja wakati wa kulisikiliza, kwani joto la mkono peke yake hulipandisha.

Chini ya bati kuna tatizo la ziada. Safu zilizo juu karibu na dari hupata joto kuliko zilizo chini, na sehemu mbili za kinanda kimoja zinaachana. Dari ya mbao na matundu ya hewa juu ya ukuta husaidia kuliko ufundi wowote.

"Basi tuweke kiyoyozi."

Kiyoyozi kinachowashwa kwa saa moja ya konseti kisha kikazimwa ni adui. Hushusha joto na kukausha hewa ghafla, kisha unyevu wa bahari unarudi jioni. Mbao hunywea na kuvimba, viungo vinaachia, na upepo unavuja. Mbao zinavumilia unyevu mwingi usiobadilika kuliko unyevu wa kupanda na kushuka. Wekeni kipimo cha unyevu ndani ya kabati la kinanda na kukisoma kila siku, hasa masika.

"Noti isiyonyamaza maana yake kinanda kimekufa."

Mara nyingi ni uchafu uliokwama kwenye vali, au mbao imevimba. Gonga kibonyezo hicho haraka mara kadhaa. Ikishindikana, funga stopu moja moja: kama noti inasikika kwenye kila stopu, kasoro iko kwenye vali au kibonyezo. Konseti ikiwa inaendelea, inua bomba la noti hiyo kidogo kwenye tundu lake, ukilishika chini ya mdomo, ili upepo upotelee pembeni. Umeme ukikatika ni habari nyingine. Feni inayosukuma upepo inasimama, na sauti inashuka ikilia kwa huzuni hadi inazimika. Jenereta iwepo, na iwe kubwa kuliko feni inavyohitaji, kwa kuwa mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapowaka.

"Kinanda cha msaada ni bure."

Makanisa mengi ya Ulaya yanafungwa na vinanda vyake vinatafuta pa kwenda. Kabla ya kusema ndiyo, parokia iulize: nani atakifungua, atakisafirisha na kukifunga upya? Ngozi za vali na mivukuto zina umri gani? Mbao ni laini, chakula cha mchwa, au ngumu? Sehemu za mbao zitakazobadilishwa zinaweza kutengenezwa kwa msaji, unaopandwa mkoani Tanga, huko Longuza, Muheza. Na fundi wa kukiangalia walau mara mbili kwa mwaka yuko wapi?

Kama jibu la swali la mwisho ni kimya, tunashauri parokia inunue kinanda kizuri cha umeme chenye pedali kamili, yaani vibonyezo vya kupigwa kwa miguu. Sauti yake hutoka kwenye spika, haitoki kwenye mamia ya midomo iliyotawanyika jengoni, na sikio hutambua tofauti. Lakini kinalia kila Jumapili, na mwanafunzi atakayejifunza miguu juu yake ataweza kukaa kwenye kinanda cha mabomba popote, ilimradi apewe saa kadhaa za kuchagua stopu kabla ya watu kuingia.