Kuandikwa Jina Bandani si Kudahiliwa

Kila majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, ofisi yetu ya udahili hapa Dodoma hupokea mzazi mwenye swali lile lile: "Mwalimu, mbona jina la mwanangu mliliandika kabisa kule Nzuguni, na hapa halimo?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi, sasa nalijibu kwa maandishi.

Daftari linalowekwa mezani katika banda la chuo, kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane huko Nzuguni, ni la wageni, na kuandikwa humo hakumpi mtu nafasi chuoni. Maombi hufanyika katika mfumo wa mtandaoni wa chuo husika, kwa kuwa tangu mwaka wa masomo 2017/2018 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iliachana na mfumo wa pamoja wa maombi, na mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Ni kweli kwamba maofisa walioko bandani humsaidia kijana kujaza maombi papo hapo, na mkanganyiko huanzia hapo, maana anayeambiwa kwamba maombi yake yamepokelewa huondoka akidhani amekwisha kuchaguliwa. Bado kuna ushindani wa nafasi, uhakiki wa TCU na, kwa aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu.

Wala ukarimu wa mhadhiri aliyekaribisha wageni bandani haubadilishi vigezo vya udahili. Mhitimu wa kidato cha sita anahitaji masomo mawili aliyofaulu kwa daraja la E au zaidi, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1, na hicho ni kiwango cha chini tu. Anayetaka udaktari wa binadamu sharti awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D katika kila somo, yaani pointi 6. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia, ni kwamba mtu asome kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, unaopatikana katika tovuti ya tume, kisha aje bandani na maswali ambayo mwongozo haujibu: maabara zina vifaa gani, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, wahitimu wanaajiriwa na nani. Anayefuata kofia na kalamu za bure atazipata, lakini nauli yake ingenunua nyingine.

Wengine huamini kwamba aliyeomba chuo ameomba na mkopo. Bodi ya Mikopo (HESLB) ina mfumo wake na tarehe zake.

Mihadhara ya umma vyuoni nayo hudhaniwa kuwa ya wasomi walioalikwa kwa kadi. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria mwenye Tuzo ya Nobel, alipozungumza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, katika mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere (kiti cha uprofesa chuoni hapo), alizungumza na umma, na mtu asiye na shahada ana haki ya kuketi na kuuliza swali, mradi liwe swali na si hotuba ya pili.

Mwisho ni dhana kwamba siku ya milango wazi, chuo kinapowakaribisha wageni, inawahusu kidato cha sita tu. Hao wamechelewa. Afaidikaye zaidi ni mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye hajachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, kwa sababu aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi kudahiliwa udaktari kwa matokeo hayo, hata akipata A tatu.