Estate sale ni nini, na fundi anafuata nini humo

Ukipita mitaa ya makazi Marekani asubuhi ya Ijumaa au Jumamosi, hukosi kuona kibao kimechomekwa kwenye nyasi za kona: ESTATE SALE, na mshale. Maana yake ni kwamba kuna nyumba humo ndani iliyofunguliwa milango, na karibu kila kilichomo kinauzwa, kuanzia kabati la vyombo hadi kopo la misumari. Mara nyingi mwenye nyumba amefariki. Wakati mwingine amezeeka na amehamia kwenye makao ya wazee.

Si mnada. Hakuna dalali anayepandisha bei; kila kitu kimebandikwa bei yake, nawe unaingia, unachukua, unalipa mlangoni. Wala si sawa na wale wanaopanga vitu mbele ya gereji mwishoni mwa wiki. Pale mwenye mali yu hai na ameshachagua anachotaka kuachana nacho, kwa hiyo utakuta nyundo yake ya akiba, ile nzuri amebaki nayo. Kwenye nyumba ya marehemu hakuna aliyechagua. Randa aliyoitumia miaka 40, ambayo asingemwazima hata jirani, ipo mezani na kibandiko cha dola chache.

Kwetu seremala akifariki, sanduku lake la zana huwa na wa kulipokea: mtoto aliyeshika kazi, au kijana aliyekuwa anajifunza kwake. Huko watoto wengi wanaishi majimbo ya mbali na hakuna anayeranda ubao. Familia inaita kampuni ipange nyumba, iweke bei, iuze kwa siku mbili tatu, na ikate asilimia yake. Watu wa kampuni hizo kwa kawaida wanajua vito, sahani na samani. Misumeno hawaijui sana, na hapo ndipo penye riziki ya fundi.

Kwa hiyo usipoteze muda sebuleni. Shuka chini ya nyumba, kwenye chumba cha chini, au nenda gereji. Vuta droo, angalia chini ya meza ya kazi.

Tuseme umeshika randa ya chuma ya kampuni ya Stanley, zile za muundo wa mvumbuzi Leonard Bailey zilizotengenezwa New Britain, Connecticut. Namba 4 ndiyo ya kulainishia, urefu wake kama inchi 9. Namba 5 ina inchi 14. Usiogope vumbi wala kutu ya juu juu, hiyo hutoka kwa siki na brashi. Kinachoua randa ni ufa. Igeuze, pitisha kidole kuzunguka mdomo wa kisu, kisha angalia mbavu zote mbili kwenye mwanga. Ikiwa na ufa, irudishe mezani. Halafu fungua kibanio, toa kisu. Kikiwa kimebaki kirefu, kina miaka mingi mbele yake. Kigeuze mgongo: vishimo vya kutu karibu na makali ni hasara, kwa sababu utanoa na utanoa na makali yatabaki na mapengo. Mwisho chungulia kwenye kitanda cha randa, yaani ndani ya mwili wake, nyuma ya kile kipande kinachobeba kisu. Ukisoma APR-19-10, hiyo ni tarehe ya hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, na randa yako haikutengenezwa kabla ya mwaka 1910. Mpini uliovunjika usikukimbize. Mpini unachongeka.

Msumeno wa mkono unakaguliwa kwa jicho. Shika mpini, inua ncha, tazama kwenye mstari wa meno kama mtu anayelenga shabaha. Bamba likiwa na mkunjo mkali, achana nalo. Tafuta pia kinishani cha shaba kwenye mpini: jina la kiwanda cha Disston na neno Philada, yaani Philadelphia, linamaanisha chuma kizuri. Meno ya misumeno hiyo yanakubali tupa. Misumeno mingi ya dukani leo meno yake yamekaushwa kwa moto hadi tupa haiyakati, yakiisha makali unatupa msumeno mzima. Mimi naona huo ni uharibifu, na ndiyo sababu kubwa ya kutafuta wa zamani.

Patasi ziangalie urefu uliobaki na kichwa kisichopondwa na nyundo. Jiliwa, izungushe tu uone kama inakwenda hadi mwisho.

Kuhusu bei, siku ya kwanza hawapunguzi sana na wanaojua hufika alfajiri kuandika majina mlangoni. Siku ya mwisho, sehemu nyingi, bei hukatwa nusu. Ukiona kitu chema siku ya kwanza kwa bei ya haki, lipa. Jumapili hutakikuta.

Na uingie kwa adabu. Hiyo ni nyumba ya mtu. Pengine bado kuna koti limening'inia nyuma ya mlango wa karakana. Mtu wa familia akiwepo, mpe pole kwanza, kisha muulize mzee alikuwa akitengeneza nini. Utaambiwa ni vitanda vya wajukuu, au mashua, na ghafla utaelewa kwa nini kuna patasi nyembamba tisa. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kugonga majina yao kwenye zana. Nikikuta jina kwenye mpini, nasafisha pembeni yake, lakini lenyewe silipitishii msasa.