Data yako ikivuja, uishtaki kampuni?

Swali hili huletwa ofisini kwangu na mtu aliyekwisha kukasirika. Amepata ujumbe wa kampuni kwamba "kumetokea tukio la kiusalama", na siku chache baadaye matapeli wakaanza kumpigia simu wakimtaja majina yake yote matatu na nambari ya kitambulisho. Anataka twende mahakamani kesho. Mimi humuuliza kwanza: una ushahidi gani mkononi?

Nauliza hivyo kwa sababu ya yaliyowapata wateja wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia katika mifumo yake mwezi Mei, wakakaa humo hadi mwishoni mwa Julai. Walipitia kasoro ya programu iitwayo Apache Struts, ambayo dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi. Watu wapatao milioni 147 waliibiwa taarifa zao. Uzembe ulikuwa peupe, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa si chini ya dola milioni 575.

Ni pesa nyingi, lakini tazama zilivyogawanywa. Mtu asiye na hasara ya kuonyesha, na ambaye tayari alikuwa na huduma ya kufuatilia rekodi zake za mikopo, aliambiwa angeweza kupata hadi dola 125. Fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31. Piga hesabu: linawatosha watu 248,000 tu. Walioomba walikuwa mamilioni, na wengi wao waliambulia dola chache. Aliyekuwa na stakabadhi, aliyeweza kuonyesha pesa zilizoibwa na ada alizolipa kwa sababu ya wizi ule, aliruhusiwa kudai hadi dola 20,000.

Hapa Kenya, wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao kuliko wanavyodhani. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa fidia aliyeumizwa, na madhara yanayohesabiwa si ya pesa peke yake, hata dhiki ya moyo imo. Kampuni hujinasua ikithibitisha kwamba haikuhusika kwa namna yoyote na tukio lenyewe. Tena, palipo na hatari ya kweli ya madhara, inatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu igundue uvujaji. Ikinyamaza, ukimya huo ni hoja yako.

Ila usianzie mahakamani. Mahakama Kuu imewahi kuwarudisha walalamikaji kwa sababu waliiruka ofisi ya Kamishna. Malalamiko pale yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90, na usiporidhika unakata rufaa Mahakama Kuu. Wakili anayekuharakisha kufungua kesi bila kukueleza hayo, mwogope.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu, nalo ni faini. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini si fidia. Kuadhibiwa kwa kampuni hakuweki shilingi mfukoni mwako. Ukitaka fidia, iombe waziwazi katika malalamiko yako, na uonyeshe ulivyoumia.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, dai, kama umepoteza pesa, laini yako ya simu imehamishwa kwa mtu mwingine, mkopo umechukuliwa kwa jina lako au hofu imekuvurugia maisha kwa namna unayoweza kuieleza. Kama kilichopo leo ni hasira tu, hasira ya haki kabisa, peleka malalamiko lakini usiuze kiwanja kumlipa wakili. Weka ushahidi, kwa kuwa madhara huchelewa. Nambari ya siri utaibadilisha jioni hii. Nambari ya kitambulisho unayo maisha yako yote.

Anza na barua kwa kampuni: waulize ni taarifa zipi zako zilizovuja, lini, na wamechukua hatua gani. Hifadhi orodha ya simu zilizoingia na taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo. Na ule ujumbe wa kwanza waliokutumia, usiufute.