Theluji ya Kufuatwa kwa Miguu: Maana Yake na Maandalizi Yake

Kwenye vituo vingi vya skii, yaani vya kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zifungwazo miguuni, mtu hapandi mlima. Anakaa kwenye lifti ya viti, anabebwa hadi juu, kisha anateleza kushuka njia ambayo usiku wake imepitiwa na magari ya minyororo yanayoshindilia na kusawazisha theluji. Baadhi ya vituo vina sehemu nyingine, juu ya mwisho wa lifti, ambako huduma hiyo haifiki. Anayeitaka huvua skii, huzifunga mgongoni na kupanda kwa miguu yake. Theluji ya huko, ndiyo theluji ya kufuatwa kwa miguu, hukutwa kama ilivyoanguka na kama upepo ulivyoipanga. Hata hivyo sehemu hiyo bado imo ndani ya mipaka ya kituo: askari wa doria, yaani wafanyakazi wa usalama wa kituo, huikagua, na hali ikiharibika huifunga.

Huko kuwa ndani ya mipaka ndiko kunakoeleweka vibaya. Kuna wanaodhani mlango wa kuingilia sehemu hiyo ukiwa wazi basi hatari imekwisha. Kilichofanyika ni kwamba watu wenye ujuzi wametangulia kuifanyia theluji kazi. Hatari imepunguzwa, na inayobaki ni yako kujiandaa nayo.

Chukua Highland Bowl, katika kituo cha Aspen Highlands, jimbo la Colorado, Marekani. Ni bonde pana lenye umbo la bakuli, na kilele chake kiko mita 3,777 juu ya usawa wa bahari. Sehemu zake kadhaa zina mwinamo unaozidi nyuzi 40, na maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miinamo ya kati ya nyuzi 30 na 45. Mwaka 1984 askari watatu wa doria waliuawa humo na poromoko wakiwa kazini, na ilichukua miaka mingi kabla bonde lote kufunguliwa kwa wateja.

Tatizo la Colorado huanza mapema, theluji ikiwa bado chache. Ardhi iliyo chini ina joto kidogo, hewa iliyo juu ni baridi kali, na tofauti hiyo hugeuza theluji ya chini kuwa chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari. Dhoruba za baadaye huweka tabaka zito juu yake. Siku tabaka hilo likikatika, mteremko mzima huondoka kwa pamoja. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu askari wa doria wa Highlands, pamoja na wananchi wanaolipwa kwa tiketi ya msimu, hujipanga mstari na kushuka bonde kwa buti, hatua kwa hatua, wakikanyaga theluji mpaka chini ili tabaka lile dhaifu livunjike kabla halijafunikwa. Baada ya hapo, kila dhoruba ikipita hutumia baruti kuangusha theluji iliyo tayari kuanguka. Ukipita mahali kama hapo, umshukuru askari wa doria utakayemkuta mlangoni. Unateleza juu ya jasho lake.

Na bado, Januari 2019, katika kituo cha Taos Ski Valley, jimbo la New Mexico, poromoko liliua watu wawili kwenye mlima wa Kachina Peak, katika eneo lililokuwa wazi.

Kwa hiyo vifaa vitatu si vya mapambo. Cha kwanza ni redio ndogo ya uokoaji, inayovaliwa mwilini chini ya koti na kutoa mawimbi ili wenzako wakupate ukifukiwa. Cha pili ni fito ndefu ya kukunja ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, cha tatu ni beleshi. Kituo cha Bridger Bowl, jimbo la Montana, hakimruhusu mtu kupanda eneo lake la juu liitwalo Ridge bila redio hiyo. Vituo vingine havilazimishi, lakini mimi nisingepanda bila kuvaa. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa ya kuishi. Zikipita, nafasi hiyo hushuka kwa kasi, na msaada wa mbali mara nyingi huchelewa. Anayekuokoa ni mwenzako uliyepanda naye, na huyo lazima awe amefanya mazoezi. Tieni redio moja kwenye mfuko, mwufukie kwenye theluji, mtu mwingine aitafute kwa redio yake, mpaka mikono izoee. Simu iwekwe mbali na redio hiyo, maana huivuruga.

Kuhusu mwinuko, waliopanda Kilimanjaro wana kipimo tayari: kilele cha Highland Bowl kiko juu kidogo ya kambi ya Horombo, iliyo mita 3,720. Mpandaji wa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara kabla ya kufika Horombo. Mteja wa skii anaweza kuwa jana tu ametoka mji wa pwani kwa ndege. Kaa siku mbili tatu mjini Aspen, kunywa maji ya kutosha, na ule ushauri wa waongoza wageni wa Kilimanjaro, pole pole, unafaa vilevile kwenye ukingo wa mlima unaopandwa kufikia kilele hicho. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikikuanza, geuza.

Kupanda kwenyewe kunaweza kukuchukua hadi saa nzima ukianzia kwenye lifti. Siku nyingine gari la minyororo huwabeba watu sehemu ya mwanzo. Vua koti kabla hujaanza kutoka jasho, kwa sababu jasho hilo litakugandia kileleni. Legeza vifungo vya buti, na kama zina swichi ya kutembelea, iwashe. Fuata hatua zilizokwisha chimbwa na waliotangulia. Miwani ya theluji usiiweke kwenye paji la uso: mvuke wa kichwa utaijaza ukungu, na ukungu utaganda. Iweke mfukoni mpaka juu. Skii zifungwe barabara, kwani ukingo ni mwembamba na upepo ukizishika hukuyumbisha.

Juu, jikanyagie kijukwaa kidogo kabla ya kushusha skii mgongoni. Skii ikikuponyoka pale itamfuata mtu aliye chini yako. Kwangua theluji iliyoganda chini ya buti, la sivyo haitaingia sawasawa kwenye kishikizo cha skii na skii itachomoka katikati ya mteremko. Kaza vifungo tena. Kisha mmoja ashuke, wengine wamwangalie mpaka afike mahali salama.

Je, uwezo wako unatosha? Nenda kwanza kwenye njia ngumu zisizosawazishwa ambazo lifti inazifikia. Kama unaweza kuzishuka mara kadhaa bila kuanguka, kwenye theluji laini na pia iliyogeuka gamba gumu, uko tayari. Kwenye mwinamo kama wa Highland Bowl, anayeanguka anaweza kuteleza mbali sana kabla ya kusimama.

Kwa ndugu mlioko Ulaya, zingatieni tofauti moja. Maelezo haya ya doria na baruti ni ya Amerika ya Kaskazini. Katika milima ya Alps, kwa kawaida kituo huwajibika kwa njia zilizowekwa alama tu. Ukitoka mita chache nje ya alama, hata chini ya lifti, uko mlimani kwa dhamana yako mwenyewe, na lazima usome taarifa ya siku ya hatari ya maporomoko, yenye ngazi tano.

Kamba ikifungwa kuzuia njia, usiivuke. Colorado kuna faini kwa hilo, lakini sababu hasa ni kwamba huenda juu yako kuna mtu anayetega baruti. Uulize pia mapema saa ya kufungwa mlango, ili usifike nusu ya ukingo ukaanza kukimbizana na muda. Ukichoka njiani, si lazima ufike kileleni: kwenye ukingo wa Highland Bowl kuna milango kadhaa ya kuingilia bondeni, na wengi hushukia ule ulio karibu.