Chumba cha Uani: Kabla Hujaziba, Fukiza Udi

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, kijana anaoa, tunataka chumba kimoja tu, uani nafasi ipo." Nafasi kweli ipo. Kazi yangu ya kwanza ni kujua nafasi hiyo inafanya nini sasa hivi, kabla hatujaijenga.

Nyumba zetu nyingi za Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, zina ramani moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma penye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Aliyeiweka ramani hiyo alijua joto la Unguja. Upepo unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini, unatokea uani. Pale uani mbingu iko wazi, hewa ya moto inapanda juu na kuondoka, na nyuma yake inavutwa hewa nyengine. Ukiliezeka bati uani pote, umeiziba pua ya nyumba.

Nilijifunza kwa gharama ya watu wengine. Miaka yangu ya mwanzo niliziba uani mmoja kuanzia ukuta mpaka ukuta, vikapatikana vyumba viwili safi. Masika yalipokwisha nilipita kusalimia. Kuta za vyumba vya zamani zilikuwa na ukungu mweusi kwenye pembe, nguo kabatini zinanuka, na bibi wa nyumba ile alikuwa amehamishia godoro lake ukumbini karibu na mlango. Hakunilaumu. Mimi mpaka leo najilaumu.

Tangu hapo nikienda kupima, naomba chetezo. Juzi nilikuwa kwenye nyumba moja ya Kikwajuni, uani wake mita 6 kwa 4, na mama mwenye nyumba alitaka paezekwe pote. Tukatia udi kwenye kaa, tukaweka chetezo katikati ya ukumbi. Moshi ulilala, ukaelekea mlango wa nyuma, ukafika uani ukapanda juu moja kwa moja. Kisha vijana wakatandaza turubai juu ya uani kutoka ukuta hadi ukuta, tukatia udi tena. Safari hii moshi ulifika mlangoni ukasita, ukajikunja, ukarudi vyumbani. Mama alisimama kimya akiutazama, halafu akasema, "Basi mwanangu, tukate upande mmoja." Chumba kikachukua mita 3.6 za upana, zilizobaki 2.4 zikaachwa wazi kwa jiko na kufulia. Dirisha lake linatazama upande ule wa wazi, na juu, chini kidogo ya bati, nikapanga matofali ya matundu.

Kabla ya kuchimba msingi kuna mambo mawili. Kwanza ulizia karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko wapi. Majirani wazee ndio wanaojua, kwa sababu mara nyingi aliyelichimba ameshafariki na juu pameshasakafiwa. Ukuta juu ya karo la zamani utazama, na karo lenyewe hutaweza tena kulifikia kulinyonya. Pili, usiufunge ukuta mpya na wa zamani kama kitu kimoja. Nyumba ya zamani imeshatulia kwenye ardhi yake, msingi mpya bado utashuka kidogo. Ukiviunga pamoja, ufa utatokea pale pale kwenye maungio. Mimi naacha mwanya wa kama sentimita 2, unajazwa kitu laini kinachovumilia kusogea, kisha unafunikwa kwa ubao.

Wengine wanataka kupanda juu. Hapa nakuwa mkali kweli kweli. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 15, kwa chumba cha mita 3.6 kwa 3.6, inakaribia tani 4.7, na hujaweka ukuta, bati, kitanda wala mtu. Nyumba iliyojengwa kwa matofali ya inchi 5 bila nguzo haikukusudiwa kubeba mzigo huo. Fukua msingi sehemu mbili tatu uuone kwa macho, mwite mhandisi, na nguzo mpya zishuke hadi kwenye msingi wake wenyewe. Na mchanga usichotwe ufukweni. Chumvi yake inaitia nondo kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani wakati nje lipu bado inang'aa.

Kuliziba baraza ili lipatikane duka au sebule, nafanya nikiombwa, lakini nasema wazi kwamba sipendi. Wazee wanakaa wapi jioni?

Mji Mkongwe ni habari nyengine kabisa. Kuta zake ni za mawe na chokaa, dari zinabebwa na boriti, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwa hiyo hata dirisha huligusi bila kibali cha mamlaka inayousimamia. Wanaotafuta nafasi huko huangalia juu ya paa, na banda jepesi la mbao lenye pande wazi ndilo linaloendana na nyumba zile. Matofali ya simenti juu ya boriti kongwe, hapana. Hata lipu ya simenti kwenye ukuta wa chokaa inafungia unyevu ndani, na baada ya muda inabanduka vipande vipande.

Ukitaka kujaribu udi mwenyewe, fanya alasiri, milango yote iwe wazi na feni zimezimwa. Kisha rudia upepo ukigeuka. Nyumba niliyoipima wakati wa kusi, ikipumua vizuri kutokea nyuma, nimeikuta wakati wa kaskazi moshi unakwenda kinyume na kutokea barazani, na dirisha tulilolichora ikabidi lihamie ukuta mwengine.