Leopard, manowari iliyotia nanga Unguja kabla ya kuichokoza Marekani

Wageni wakija kwetu makumbusho wanauliza majahazi, wanauliza mitepe (vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba), ila manowari za zamani za Waingereza hawaziulizi kabisa, na kuna moja mi siwezi kuacha kuieleza. Leopard. Ilishushwa majini 1790 huko Sheerness, mizinga 50, mbao na matanga tu, injini hakuna.

1798 Napoleon kaivamia Misri, Waingereza wakaogopa atapitia Bahari ya Shamu aende India, ndo wakamtuma kamanda John Blankett na Leopard na manowari zingine kadhaa azunguke Afrika nzima akamzibie njia. Februari 1799 hao hapa Unguja, wanatafuta maji na chakula. Sasa we mtu wa pwani fikiria, Februari! Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inavuma, vyombo vya Arabuni na India ndo vinashuka kuja huku, wao wanataka kupanda juu. Nahodha yeyote wa hapa angewaambia subirini kusi, upepo wa kutoka kusini. Walipambana na upepo wa mbele na mkondo, na mizinga haipigi upepo. Walifika Bahari ya Shamu lakini kwa taabu kubwa, na Blankett hakurudi kwao tena, alifariki 1801 huko Mocha, bandari ya Yemen.

Leopard yenyewe ikaendelea. Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, iliisimamisha meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, ikidai mabaharia watoro wa Kiingereza. Kamanda James Barron akakataa, ikampiga. Wamarekani hawakuwa tayari hata kidogo, sitaha imejaa mizigo, hakuna moto wa kuwashia mizinga, inasimuliwa luteni mmoja alikimbia jikoni akachukua kaa la moto kwa vidole, akafyatua mzinga mmoja, ndo huohuo tu. Watu 3 walikufa palepale. Waingereza wakachukua mabaharia 4 na mmoja, Jenkin Ratford, akanyongwa. Marekani nzima ikachemka, mwezi wa 12 Rais Jefferson akafunga biashara ya nje, na vita vyenyewe vikaja 1812.

Uzeeni ikageuzwa ya kubeba askari. Tarehe 28 Juni 1814 ikapanda mwamba kisiwa cha Anticosti, Kanada, ikavunjika hapohapo. Askari mia nne na kitu waliokuwemo wote wakaokoka.