Masafa yakibadilika, usiyazidishe tu na muda

Vijana wanaojifunza elektroniki hapa Kisumu huniletea fomula ileile ya wimbi la mraba: chukua sin(2πft), ambapo f ni masafa (mizunguko ya wimbi kwa sekunde, yaani hezi) na t ni muda, kisha ubakize alama yake tu, chanya au hasi. Ni sahihi, mradi f haibadiliki. Wakitaka masafa yapande, wanaichomeka f inayopanda mahali pa ile ya zamani, wakidhani kazi imeisha.

Jaribu kupanda kutoka hezi 10 hadi 100 kwa sekunde 10, yaani f = 10 + 9t. Programu haitalalamika hata kidogo (ndiyo ubaya wake), lakini mwishoni wimbi litakuwa kwenye hezi 190: 100 za halali na 90 za bure.

Fikiria bodaboda inayoelekea Ahero. Imekwama kwenye msongamano wa Nyamasaria, halafu barabara ikafunguka, sasa inakwenda kilomita 60 kwa saa. Ukizidisha hiyo 60 na muda wote tangu itoke stejini, umeihesabia umbali ambao haikuwahi kwenda. Umbali hujumlishwa kipande kwa kipande. Awamu ya wimbi, yaani mahali lilipofika katika mizunguko yake, vilevile: ni jumla ya masafa yote yaliyopita.

Basi pitisha masafa kwenye integreta kwanza, yaani kijumlishi cha kipande kwa kipande. Katika Simulink, programu ya kuiga mifumo, ni ile bloku ya 1/s; katika LTspice, ya kuiga saketi, ni idt(). Zidisha jibu na 2π, tafuta sini, kisha alama. Hatua ya muda (pengo kati ya hesabu moja ya programu na inayofuata) nayo iwe ndogo kabisa kuliko milisekunde 5, nusu mzunguko wa hezi 100, la sivyo kingo za wimbi zitayumba hata hesabu ikiwa sawa.